Mti Uliolificha Ziwa

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mke wangu Verediana ameondoka na boti ya mchana kutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo. Mdogo wake amejifungua. Atarudi Jumamosi. Ameniachia kazi moja: kukata matawi matatu ya mti wa Krismasi yanayokwaruza bati. Ameyafunga vitambaa vyekundu nisikosee. Miaka thelathini ya ndoa, bado nafungiwa vitambaa. Akasisitiza nisiguse tawi jingine hata moja.

Mti huu aliuleta marehemu baba yake kutoka Kasulu mwaka tuliooana. Mche ndani ya kopo la maziwa. Sasa umepita paa mara mbili. Na umeniziba ziwa.

Jirani yangu Mwalimu Adolf, mstaafu kama mimi, analiona ziwa akiwa barazani kwake. Kila jioni ananitangazia kupitia ua ni meli gani imeingia. Mimi nimekuwa karani wa bandari miaka ishirini na sita. Leo napewa habari za meli na mwalimu wa jiografia.

Mpango: kukata ncha yote, mita mbili hivi. Verediana akirudi nitasema ni upepo. Oktoba ni mwezi wa upepo. Nani atashangaa?

Jumanne, 8 Oktoba

Ngazi sina. Ikabidi niazime ya Adolf. Nikamwambia nasafisha mfereji wa maji ya mvua. Akanikumbusha kwamba nyumba yangu haina mfereji. Ngazi akanipa, kisha akavuta kiti barazani.

Nilikata yale matawi matatu. Kazi safi. Nikashuka kutazama. Mti umeelemea upande. Nikakata mawili upande wa pili. Sasa huku ndiko kumepungua, nikarudi kule nikakata manne. Kufika adhuhuri mti ulikuwa na majani juu tu, kama kuku aliyemponyoka mpishi katikati ya kunyonyolewa.

Utomvu umenata kwenye nywele. Nimeosha kwa mafuta ya taa. Nanuka kama kibatari. Sikula.

Jumatano, 9 Oktoba

Ncha. Niliifunga kamba ili iangukie uani, mahali wazi. Ikaangukia banda la kuku. Kuku wako salama. Banda halipo.

Nikapanda tena hadi juu, nikageuka polepole kulitazama ziwa langu.

Nililoliona ni tangi la maji la Mzee Gharib, anayekaa nyumba ya bondeni. Jeusi, la lita elfu tano, juu ya jukwaa refu. Alilijenga mwaka juzi. Kumbe miaka miwili yote mti ulikuwa unanifichia tangi. Pembeni yake, ukikunja shingo sana, kuna maji ya ukubwa wa leso. Nilikaa juu ya ngazi mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni Adolf akaja mwenyewe, na migebuka miwili mkononi.

"Mungu akubariki, jirani," akasema. "Mti wako ulikuwa unanikatia upande wa kaskazini. Sasa naona mpaka milima ya Gombe."

Nikapokea samaki. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Upepo hakuna. Tangu Jumatatu haujavuma hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Kigoma nzima imetulia kama picha.

Nimekwenda kwa Regina, anayeuza miche kando ya barabara ya Ujiji. Yuko kwaya moja na Verediana, kwa hiyo nikaanza kwa tahadhari. Nikamwambia kuna rafiki yangu amepogoa mti wa Krismasi, amepitiliza kidogo, anataka dawa ya kuuchipusha.

"Mwambie rafiki yako huo si mpera," akasema. "Ukiacha majani mabichi kwenye tawi, linaendelea. Ukikata mpaka ukafika shinani, hapo hapaoti kitu tena. Panabaki hivyo hivyo."

Nikauliza, na ncha je? Akaacha kumwagilia. Akauliza kama huyo rafiki yangu ana mke.

Nimenunua mfuko wa mbolea. Sijui ya nini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wazo limenijia nikinywa chai. Ncha ipo. Mti upo. Kilichokosekana ni kuunganisha tu.

Nimetumia waya, misumari kumi na vipande vya mpira wa baiskeli. Kuipandisha ncha peke yangu kumenichukua asubuhi nzima. Mara mbili tulishuka pamoja. Adolf alikuwa barazani akisaidia kwa maneno.

"Kushoto kidogo, Mzee Pastory. Hapana, kushoto kwangu."

Saa nane mchana ikasimama. Ukiwa getini, ukafumba jicho moja, unaona mti. Nikaanza kuamini. Jioni majani ya ncha yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya rangi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Verediana amerudi saa nne, kapu la dagaa kichwani. Alisimama getini. Hakufumba jicho hata moja.

"Upepo," nikasema kabla hajauliza.

"Na waya nao umefungwa na upepo?"

Akatua kapu, akaenda hadi kwenye shina, akaweka kiganja pale tawi lilipokuwa. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku ile baba yake alipoleta mche, lori lilimtikisa akatapika njia nzima, lakini hakukubali mtu amshikie kopo. Alisema binti yake anakwenda kuishi kwenye joto, basi awe na kitu kimoja cha baridi ya kwao. Mwaka uliofuata akafariki. Verediana akiwa na huzuni hukaa chini ya matawi yale ya chini. Mimi nilidhani anapumzika.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Baba Scola," akasema, "ulikuwa unataka kuona nini?"

Nikasema, ziwa.

"Ziwa liko mwendo wa nusu saa kwa miguu."

Akaingia ndani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Siku hizi hakuna kinachoficha nyuma ya nyumba. Adolf alinipungia mkono, akageuza kiti chake akanipa mgongo. Ni mara ya kwanza amenifanyia uungwana, na umeniuma kuliko meli zake zote.

Jumapili, 13 Oktoba

Verediana alikwenda misa akinitangulia hatua ishirini. Tuliporudi aliniomba nifungue waya na kuishusha ncha. Nimeishusha. Ameilaza kivulini, ameifunika na kanga yake. Chakula cha mchana tumekula yeye akiitazama ncha kupitia mlangoni. Sijawahi kujiona mtu duni kiasi hiki. Nimeapa mbele ya sahani kwamba maisha yangu yote sitagusa mti tena.

Saa kumi akabisha hodi Mzee Gharib. Anakwenda Bujumbura na familia yake yote, wiki nzima, bintiye Yusra anaolewa huko. Ameniomba nimwangalizie nyumba. Kanikabidhi ufunguo wa geti, akasema mtu mzima kama mimi, mtulivu, asiyetoka nyumbani, ndiye wa kuaminiwa. Nikaguswa sana. Nikamsindikiza hadi kwake anionyeshe mahali pa kulishia bata.

Lile jukwaa la tangi, kumbe, ni miguu minne ya mbao.

Nimelizunguka mara mbili. Kila mguu ukipunguzwa mita moja tu, tangi linashuka na ziwa lote linatokea. Na mbao si mti. Nikikosea mguu mmoja, nitasawazisha ile mingine mitatu. Gharib akirudi nitamwambia ni mchwa.