Moto Mkubwa kwenye Paa la Bi Mwanarusi

Jumanne, 5 Agosti 2025

Balaa! Mjusi ameingia kwenye kisanduku kinachopandisha umeme kwa waya hadi kwenye redio yangu ya intaneti, ile inayonasa mtandao kutoka mnara wa Ukunda. Amekauka humo, na kisanduku kimekufa naye. Wateja wangu wote wa Mwabungo hawana mtandao. Na redio iko juu ya ghorofa ya Bi Mwanarusi, ambaye Ijumaa anamwoza binti yake Fauzia. Baba mtu yuko Maskati, atatoa idhini kwa video! Nimempa Bi Mwanarusi shikamoo mbili, ameitikia moja. Kasema video ikikwama, redio yangu inashuka na ya mshindani wangu Mwau inapanda. Mwau! Mtu wa juzi kutoka Kitui!

Jumatano, 6 Agosti

Dukani Ukunda. Kisanduku cha kampuni iliyotengeneza redio hakuna, mpaka kiagizwe Mombasa. Vya kampuni nyingine vimejaa rafu nzima. Kalondu, muuzaji, kaniuliza nataka cha moto mdogo au mkubwa, yaani nguvu ya umeme. Nimeshangaa! Mnara uko Ukunda, redio iko Mwabungo, moto mdogo utafika vipi? Kaniambia nikasome kwanza volti zilizoandikwa chini ya redio. Nimemjibu mimi ni fundi, si karani. Mwau alikuwepo, kanishauri nisubiri cha Mombasa. Wivu mtupu. Nimechukua cha moto mkubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeunganisha. Taa imewaka! Alhamdulillahi! Nikashuka ngazi nikiimba. Sijafika chini, harufu. Yarabi! Redio inafuka moshi! Bi Mwanarusi kauliza kutoka jikoni nani anafukiza. Nimesema ni mimi, nafukiza udi wa harusi. Kauliza udi gani huo unaonuka mkono wa sufuria ulioungua. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Aibu! Kadhi amekaa, bwana harusi Iddi amelowa jasho, na kwenye simu kiduara kinazunguka tu. Fauzia kalia, wanja umefika kidevuni. Nikasema tatizo liko Maskati. Bi Mwanarusi akapanda paani mwenyewe na buibui lake, akashuka na redio yangu imeyeyuka. Kanitupia miguuni mbele ya wazee wote! Mwau akaitwa. Kapanda na redio yake na kisanduku chake, vyote vya kampuni moja. Pilau haijapoa, baba mtu yuko kwenye kioo anatoa idhini, hata machozi yake yanaonekana. Nimelia na mimi. Nikawaambia ni moshi wa jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijaamini macho yangu! Mwau kaja kwangu na redio yake ya akiba pamoja na kisanduku chake halisi. Bure! Eti nikaanze upya Kinondo, yeye kule hafiki. Mshindani akupe kitu bure? Huu ni mtego, hata kipofu anauona. Nimemshukuru kwa adabu zote, nikamsindikiza hadi barabarani. Kisha nikakikimbiza kile kisanduku kwa Kalondu, nikabadilishana naye kwa chaja ya pikipiki ya umeme, yenye moto mkubwa kuliko vyote. Kalondu kashika kichwa. Plagi ya chaja haiingii kwenye redio, lakini waya nitaukata mwenyewe.