Nukta Tano na Unywele Mmoja

Bahati ya Daktari siku hiyo ilikuwa ndogo kama punje ya pilipili manga, na ilikuwa imekaa angani, juu kidogo ya kichwa cha bibi harusi.

Daktari hakuwa daktari. Katika maisha yake alikuwa amewahi kuwa fundi saa, fundi redio na mtaalamu wa matangi ya maji, na katika kazi zote hizo hakuwahi kufungua kitu akaweza kukifunga. Jina la udaktari alijipa mwenyewe, baada ya kugundua kwamba mgonjwa akifa, anayelaumiwa ni ugonjwa.

Alikuwa ameingia studio ya Mama Picha kukwepa jua. Juu ya meza palikuwa na picha za harusi, zile za haraka haraka ambazo mteja huonyeshwa kwanza achague. Mbingu ya buluu, maharusi wanacheka, na juu kushoto nukta tano nyeusi. Pembeni yake kulikuwa na kitu kama unywele uliojikunja mfano wa ndoana. Daktari akachukua picha ya pili. Nukta zile zile, unywele ule ule, mahali pale pale. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeletewa majibu ya maabara.

"Pole, mama," akasema.

"Ya nini?" Mama Picha akauliza. Alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, mwenye kamera moja tu ya maana, na kamera hiyo ndiyo iliyojenga nyumba na kusomesha watoto watatu.

"Kamera yako inaumwa."

"Ah, hayo si mavumbi tu? Nina mtu wangu wa kompyuta, huwa anayafuta kabla picha hazijaenda kwa wateja."

"Anafuta dalili," Daktari akasema kwa huruma. "Ugonjwa unabaki ndani. Hebu punguza tundu la lenzi mpaka mwisho, upige ule ukuta mweupe."

Mama Picha akapiga. Ukuta ukatokea kwenye kioo cha kamera na nukta zake tano na unywele wake.

Kufikia hapo, lazima tumtendee haki, Daktari alikuwa hajasema uongo. Vumbi huingia mtu anapobadilisha lenzi, likatua kwenye sensa, kile kibati kinachong'aa ndani ya kamera na kupokea picha, na likishatua hutokea mahali pale pale katika kila picha, hasa tundu la lenzi likiwa dogo. Lakini ukweli ulikuwa unamchosha upesi.

"Hili si vumbi. Ni fangasi wa sensa. Leo tano, mwezi ujao hamsini, halafu inapofuka."

Mama Picha akashika kifua. "Na dawa yake?"

"Ipo. Nyumbani kwangu. Ila usithubutu kujaribu mwenyewe! Namjua mtu aliyepangusa kwa pindo la shati. Sasa hivi anauza mkaa."

Ijumaa Mama Picha akafika kwenye chumba cha Daktari, kamera ameikumbatia kama kitoto kichanga. Akamkuta mwenyeji wake amevaa koti jeupe na kofia ya nailoni ya kuogea. Naye akavalishwa yake.

"Upasuaji unafanyika bafuni," Daktari akaeleza. "Mvuke unatuliza vumbi la hewani. Wewe simama mlangoni. Usiongee, mate yanaruka."

Bafuni kulikuwa na ndoo mbili za maji yanayochemka, na mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba Mama Picha aliona koti tu likienda huku na huku. Akasikia pampu ya mpira ikipuliza, fyuu, fyuu. Ilikuwa pampu ya kunyonya kamasi za watoto, na Daktari alikuwa anaipuliza hewani tu, kwa ajili ya muziki. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Kwenye beseni, chini ya taulo, ilikuwa imelala kamera ya aina ile ile, mzoga alioutoa kwa wauza vyuma chakavu. Akahamishia mkanda kwenye mzoga, akahamisha lenzi, akahamisha hata kibandiko cha ua alichobandika binti mdogo wa Mama Picha. Akatoka anatiririka jasho.

"Amepona," akatangaza. "Ila dawa inakauka taratibu. Usiiwashe mpaka Jumatatu. Ukiiwasha hata saa moja kabla, inaungua, na hapo mimi simo."

Mama Picha akashukuru mpaka akamtia aibu kidogo. Aibu hiyo haikudumu.

Sasa, msomaji asije akadhani Daktari alikuwa mwizi asiye na moyo. Moyo alikuwa nao, na ulikuwa duka la dawa la mtaa wa pili. Siku aliyokwenda kununua ile pampu, akiwa bado fundi saa, binti muuzaji alimtazama akauliza, "Mtoto ana miezi mingapi?" Daktari, bingwa wa kujibu kabla hajaulizwa, akakosa la kusema kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alirudi kesho yake kununua pamba, keshokutwa spiriti, na baada ya miezi minne alikuwa na pamba ya kujaza godoro na mchumba aliyempenda kwa dhati. Kamera ile angeiuza, aanze maisha naye. Kilichobaki ni shangazi wa binti, aliyemlea tangu mdogo, na ambaye asiposema ndiyo, hakuna ndoa.

"Shangazi anapenda mtu mwenye ujuzi wake," binti alimwonya. "Yeye mwenyewe anashinda kwenye kompyuta, kazi za watu."

Ni kuchapa barua na matangazo ya vifo, Daktari akajisemea. Jumapili akatoka na kamera shingoni, lenzi ya kuazima mbele yake, mabega juu. Kuiuza bila kutamba nayo hata mara moja aliona ni ushamba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu. Kumbe mpiga picha?"

"Mpiga picha, fundi wa kamera, mtaalamu wa sensa," akajibu, ulimi umeshakata kamba, akaitoa na pampu mfukoni kuonyesha kifaa chake cha kupulizia. "Hebu tokeni uani niwapige moja ya ukumbusho."

Jua lilikuwa kali mno, ikabidi apunguze tundu la lenzi mpaka mwisho. Akampiga shangazi na binti wakiwa wamekumbatiana, mbingu buluu nyuma yao. Shangazi akaomba kadi ya kamera akaitazame picha kwenye kompyuta yake. Akavaa miwani, akaikuza picha, akasogea karibu na kioo.

"Imetoka vizuri?" Daktari akauliza.

"Vizuri sana." Shangazi akavua miwani taratibu. "Kamera ni yako mwenyewe, mwanangu?"

"Yangu, shangazi. Mwaka wa tatu sasa. Tumezoeana."

"Naona. Hujawahi kufikiria kuiuza? Nina mtu anaitamani kamera kama hii kufa na kupona. Hata bei hataki kujadili."

Hapo mtu mwenye akili angeaga, akasingizia tumbo. Lakini Daktari alisikia maneno 'bei hataki kujadili', na masikio yake yakafunga ofisi.

"Niachie mpaka Jumatano," shangazi akasema. "Na kile kifaa chako cha kupulizia pia, nimpe vyote pamoja."

Akaviacha. Jumatatu ikapita bila Mama Picha kuja kulia mlangoni kwake, na hilo akalihesabu kuwa bahati. Jumanne vivyo hivyo.

Jumatano binti ndiye aliyemfungulia mlango. Hakumsalimia. Alimpa kofia ya nailoni ya kuogea.

"Vaa," akasema.

"Ya nini tena, mpenzi?"

"Vaa."

Akavaa. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka, kwa sababu mlango wa bafu ulikuwa wazi na mvuke ulikuwa unatoka ndani kama moshi wa tanuri. Katikati ya mvuke, fyuu, fyuu.

"Simama hapo hapo mlangoni," sauti ya shangazi ikasema. "Usiongee, mate yanaruka."

Daktari akameza mate yenyewe. Shangazi akatoka na kitu kimefungwa kwenye taulo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Amepona. Ila usimwashe mpaka Jumatatu."

Hakuhitaji kufungua taulo, ila mikono yake ilifungua yenyewe. Mzoga wake ulikuwa unamtazama.

"Miaka miwili," shangazi akasema, "mimi ndiye ninayefuta nukta tano na ule unywele kwenye mbingu za Mama Picha. Kila bibi harusi, kila mahafali. Nukta zile nazijua kuliko vidole vyangu. Jumapili nimeziona juu ya kichwa changu mwenyewe, uani kwangu. Nikampigia simu: kamera yako iko wapi, mwenzangu? Akaniambia, 'Inakauka.'"

Nyuma yake akatoka Mama Picha, kamera shingoni, kibandiko cha ua kimerudi mahali pake. Akamlenga Daktari na kofia yake, akabonyeza mara moja.

"Mbingu safi kabisa," akasema, akitazama kioo. "Mume wangu alitaka nikuitie polisi. Mshukuru huyu."

"Nimeisafisha sensa kwa hii pampu yako," shangazi akasema. "Dakika moja. Kama ungefanya ulichodai unafanya, ungekuwa umemwibia mwenzangu mchana kweupe nisijue, na mtoto wangu ningekupa." Akaitia pampu mfukoni. "Hii naibakiza. Huo mzoga ni wako. Siku utakapowaka na kupiga picha, uje tuzungumze habari za binti."

Daktari akamtafuta binti kwa macho. Binti alikuwa anatazama sakafu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hilo lilimuuma kuliko vyote.

Wiki nzima hakuonekana mtaani. Waliopita dirishani kwake wanasema walimwona ameinama juu ya ule mzoga mezani, vibisibisi vidogo vimetandazwa mbele yake, anasoma kitu, ananuna, anasoma tena. Siku ya nane akaingia duka la dawa, vidole vina plasta, macho mekundu.

"Nipe pampu ya kunyonya kamasi," akasema.

Binti akaitoa kwenye rafu, ila hakuiachia mkononi.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

"Hajazaliwa," Daktari akasema. "Ila leo asubuhi, nilipombonyeza, amekohoa."