Mursal na Figo la Pikapu

Jongeeni, enyi mlioketi vibarazani Bula Iftin, nanyi mnaopanga madumu kwenye foleni ya maji mkidhani siku ya leo imekosa habari. Zimeni redio, shusheni vikombe vya chai, na mwenye kiuno kibovu apishwe akae karibu na ukuta, maana linaloletwa mbele yenu si jambo la kusikilizwa kwa sikio moja. Wapo waliobomoa kuta za miji na wapo waliovusha majeshi jangwani, na wote hao wamekwisha kupata haki yao kwa wasimulizi wenye nafasi. Lakini ni nani aliyemkumbuka Mursal wa Gelle, Mkanyaga Mchanga, Simba wa Gia ya Kwanza, ambaye mwaka mmoja kabla ya yale mafuriko makubwa alilala chali chini ya pikapu yake mjini Garissa, akapigana na bomba la moshi, akashinda, akaponzwa na ushindi wake, kisha akashinda tena? Hakuna. Basi tumkumbuke sisi, kwa kuwa hatuna kazi nyingine.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, ilitoka Dubai, na siku ilipoingia mjini ilikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyesoma. Kila alfajiri Mursal aliiendesha kwenye barabara ya mchanga iendayo Dagahaley, akavuka laga, ule mkondo mkavu ambao hukumbuka kuwa mto mara chache tu kwa mwaka, akafika kwenye maboma ya wafugaji upande wa pili, akapakia maziwa ya ngamia na wanawake wenye maziwa hayo, akarudi Garissa kabla jua halijapata makali. Sokoni alipokewa na mkewe Lul, aliyekuwa na kikombe cha kupimia mkononi na wateja wamempangia mstari. Maziwa yakifika mapema ni matamu. Yakichelewa yanachacha, na Lul anabaki akiwatazama wateja migongo yao.

Na huko ng'ambo ya laga, aliyekusanya maziwa hayo kutoka boma hadi boma alikuwa Jawahir binti Nunow, Malkia wa Madumu, mwanamke ambaye ngamia wenyewe walisimama wima alipopita. Huyu ndiye aliyemzaa Lul. Kwa hiyo alikuwa mama mkwe wake Mursal, na hapo ndipo ilipo roho ya kisa hiki.

Maana Jawahir alikuwa mtu wa adabu ya kale. Kwa watu wa adabu hiyo, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaitani majina, wala hawali sinia moja. Wakilazimika kusemezana, neno hupitishwa kwa mtu wa tatu. Jawahir alipanda nyuma ya pikapu, juu ya madumu, akageuza uso upande wa vumbi, na Mursal akaelekeza macho mbele kama mtu anayesoma barabara. Waliishi hivyo kwa heshima kubwa na bila tatizo lolote, mpaka pikapu ilipoanza kuishiwa nguvu.

Iliishiwa polepole. Kwanza ilikataa kukimbia, kisha ikakataa kupanda, kisha ikafika siku, ikiwa imeshiba maziwa na watu, ikasimama katikati ya laga, ikapumua kama mzee mwenye pumu, na kuzama. Wanawake wakashuka. Wakakunja buibui zao, wakatia mikono kwenye bodi, wakasukuma, na miongoni mwao, mbele kabisa, akisukuma kwa bega la kulia, alikuwa Jawahir binti Nunow. Mama mkwe alimsukuma mkwewe. Mursal aliiona mikono yake kwenye kioo cha pembeni, akatamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kwa kuwa ilikuwa mchanga, ilikaribia kumtimizia.

Ilitokea tena, na tena. Kufikia hapo soko zima la Garissa lilikuwa na habari, na vijana wa kuuza miraa walimuuliza Mursal kwa heshima zote kama mama mkwe anatumia petroli au dizeli. Ndipo asubuhi moja, walipofika ukingo wa upande wa mjini wote wakihema, Jawahir alisimama mbele ya pikapu. Alitafuta mtu wa tatu wa kupitishia neno, asimpate, kwa kuwa wenzake walikuwa wamejiondoa kwa busara. Akaikazia macho taa ya kushoto, akanena, kwa Kisomali cha watu wanaojua uzito wa neno, maneno ambayo tumeyapokea hivi:

"Ewe gari jeupe, nakusemesha wewe kwa kuwa hapa simwoni mwingine. Nilimtoa binti yangu kwa mtu mwenye miguu minne ya mpira, nikasema, Alhamdulillahi, hatatembea. Sasa nimekuwa mimi punda wako. Mwambie anayekuendesha kwamba mikono hii imekamua ngamia, imezika watu, imelea watoto. Kumsukuma mkwe haikufundishwa. Ukizama tena, maziwa yangu yatapanda lori la mbuzi la Bishar."

Wote walijua maana yake. Lori la Bishar lilisimama kila penye mbuzi, likafika mjini adhuhuri, na maziwa yangefika yamekufa. Jawahir alikuwa tayari kuyapoteza maziwa kuliko kuipoteza heshima, na Mursal, nyuma ya usukani, alijua kwamba hata yeye hakumlaumu.

Akampelekea pikapu Mutinda, fundi aliyetoka Mwingi, ambaye gereji yake ilikuwa shimo lililofunikwa kwa turubai. Mutinda aliingia chini, akagonga hapa na pale, akatoka na hukumu. Tumboni mwa pikapu, alisema, kuna kibuyu cha chuma ambacho magari ya huku hayana. Ndani yake mna sega kama la nyuki, na kazi yake ni kuusafisha moshi. Ni figo la gari. Lakini petroli ya huku ni chafu kwake, imeliziba, na sasa gari linavuta pumzi na kukosa pa kuitolea.

"Basi toa," alisema Mursal. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kukutania sokoni, na cha Mursal kilibadilisha herufi njiani, lakini mashujaa hawachagui lugha. "Hiyo sega ya ndani funja yote, tuba huko. Mimi nataka nguvu."

"Nikitoa bila kuweka salensa ingine, hii gari itanguruma kama ya jeshi."

"Wacha ingurume. Mutinda, mtu kama ana nguvu anaogoba sauti yake?"

Kisha, kwa kuwa aibu ilikuwa yake mwenyewe, Mursal akakataa kazi hiyo kufanywa na mkono mwingine. Alivua shati, akapiga moyo konde, akaingia shimoni na nyundo, tindo na mtaimbo. Ee wenye kusikiliza, mngeiona vita ile! Nati ya kwanza ilikuwa imeshikwa na kutu tangu bahari ya Dubai, nayo ilimkatalia kwa ukaidi wa mzee anayekataa kuhama. Aliinyweshea mafuta, akaibembeleza, akaitukana ukoo wake wote wa nati, akaipiga. Spana ikateleza, ikamchuna vidole, na damu ya shujaa ikadondoka kwenye mchanga wa Garissa. Hakurudi nyuma. Nati zilianguka moja baada ya nyingine, figo likatolewa nje mchana kweupe, na Mursal akalitumbukizia mtaimbo, akalipekecha mpaka sega likamwagika vipandevipande, likamjaa ndevuni. Akakirudisha kibuyu kikiwa kitupu, akawasha.

Mngurumo ulitoka. Mbuzi waliruka ua, mzee aliyekuwa akinyolewa alimwomba kinyozi ashushe wembe kwanza, na Mursal alikanyaga mafuta tena, kwa raha tu, meno nje. Mutinda alijifanya hamnazo, akaenda kunawa mikono.

Kesho yake alfajiri Mursal aliingia laga akiwa na gari tupu, akavuka kwa kishindo, mchanga ukiruka juu ya paa, akapanda ng'ambo akiimba. Alifika penye maboma. Hapakuwa na mtu.

Moto uliwaka chini ya birika. Ndama wa ngamia alisimama peke yake akitafuna. Kandambili moja, ya mguu wa kulia, ililala katikati ya njia. Madumu yalikuwa yametoweka na wenyewe wametoweka nayo, kwa kuwa miaka ile, gari lisilojulikana likinguruma alfajiri, watu wa maboma hawangoji kuuliza limekuja na nani. Walikuwa wamejifunza mbio hizo kwa sababu ambazo kisa hiki chepesi hakina mabega ya kuzibeba.

Mursal alipiga honi, na hilo likawa baya zaidi. Akazima injini, akasimama kwenye ukingo wa kichaka ili aite, akafungua kinywa, na hapo akagundua kwamba mtu pekee aliyetaka kumwita ni yule ambaye mdomo wa mkwe haukuruhusiwa kumtaja. "Enyi watu," aliita. "Ni mimi, mume wa Lul." Kichaka kilinyamaza. Mwizi yeyote anaweza kuwa mume wa mtu. Alisubiri mpaka birika likakauka, akaliepua asije akaunguza chombo cha watu, akarudi Garissa na gari tupu lenye nguvu za kutosha kubeba mlima.

Lul alikuwa amekaa sokoni, kikombe chake kimefunikwa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huko kila gari linajulikana kwa sauti yake kabla halijaonekana, kama ngamia na kengele yake," alisema hatimaye. "Mama alikuwa akiisikia pikapu ikiwa bado laga, anaanza kufunga madumu. Wewe umemvisha ngamia wako kengele ya adui, halafu unashangaa watu wanakimbia."

Mursal aliona kwamba ni kweli. Alikuwa amefikiria nguvu, na aibu, na vijana wa miraa. Hakumfikiria mwanamke anayekaa gizani na madumu yake akitega sikio. Alimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze hakujionea huruma yeye.

Akarudi shimoni, safari hii kichwa chini. Yeye na Mutinda walitwaa kopo la bati la mafuta ya kupikia ya msaada wa wakimbizi, kutoka kwa mfanyabiashara wa Dagahaley aliyekuwa akiyauza chini ya maandishi yanayosema hayauzwi. Wakatoboa bomba matundu, wakalizungushia nyuzi za chuma, wakalivisha lile kopo, wakalifunga kwa waya kama kidonda. Sauti iliyotoka haikuwa ya msomi wala ya jeshi. Ilikuwa kikohozi cha mtu mzima mwenye nia njema. Naye Lul alifungua sanduku lake, akatoa koor, kengele ya mti ya yule ngamia jike wa harusi yao, aliyetoka kwenye kundi la Jawahir mwenyewe, akaifunga mbele ya pikapu kwa mikono yake.

Alfajiri iliyofuata Mursal alivuka laga, na ng'ambo akaenda mwendo wa mnyama, kengele ikigonga ko, ko, ko mbele ya kikohozi. Nyuma ya kichaka mtu alisimama. Kisha mwingine. Jawahir binti Nunow alitokea barabarani amevaa kandambili moja, akasikiliza kichwa kikiwa upande, akaitambua kengele ya ngamia wake ikiwa shingoni mwa kitu cha Dubai. Akaokota kandambili ya pili, iliyokuwa bado imelala katikati ya njia. Alielekeza kidole kwenye madumu, na wanawake wakaanza kupakia.

Sasa, enyi mliovumilia mpaka hapa, ndipo saa yenyewe. Pikapu ilifika kwenye ukingo wa laga imeshiba. Mursal alisimama, akatia gia ya kwanza, akakaza macho mbele, akasema Bismillahi. Hakutazama nyuma. Laiti angetazama, angewaona wanawake wakishuka kimyakimya, kwa mazoea, wakikunja buibui na kutia mikono kwenye bodi, Jawahir mbele kabisa kwa bega la kulia. Mursal aliachia klachi. Figo lilikuwa tupu, pumzi ilipata njia, pikapu ikaruka, na mikono yote ile ikasukuma hewa.

Ilikata mchanga. Ilipanda ukingo ikikohoa na kugonga ko, ko, ko, haikusita, haikuzama, ikasimama juu penye ardhi ngumu. Mursal alinyanyua mikono yote miwili kumshukuru Mola, ndipo akatazama kioo. Nyuma mlikuwa na madumu peke yake. Chini kabisa, katikati ya laga, mstari wa wanawake ulikuwa ukitembea mchangani, na aliyetangulia alikuwa mama mkwe wake, kandambili zake mbili mkononi.

Alishuka akasimama kando ya mlango, uso ameuinamisha, jasho likimtoka, akingoja lori la Bishar litajwe. Jawahir alipanda ukingo taratibu. Alifika, akavuta pumzi, akaweka kiganja juu ya boneti yenye moto, akaisemesha taa ya kushoto.

"Ewe gari jeupe, leo umenikimbia. Umeniacha mchangani mbele ya wenzangu, na kilio cha hilo utakisikia mpaka Garissa. Lakini mwambie anayekuendesha kwamba nimevuka kwa miguu yangu na sikumsukuma mtu. Afungue nyuma, nipande, maziwa yasichache."

Akafungua. Maziwa yalifika mapema, Lul akafunua kikombe chake, na vijana wa miraa walikosa la kuuliza. Falme zimeinuka na kuanguka bila kupata asubuhi kama hiyo. Basi watakaosimulia mambo makuu ya Garissa, wakimaliza madaraja na mafuriko, waongeze na hili: kwamba palikuwa na siku ambayo Jawahir binti Nunow alivuka laga mikononi hana kitu ila viatu vyake.