Maksai Wanaojua Kiingereza

Jumatatu, 18 Novemba

Na ndiyo maana nasema sikuolewa na mtu, nimeolewa na kamusi! Jana, kabla Mihayo wangu hajarudi kazini Lagangabilili, alinieleza: "give" ni kutoa, ongeza "up", inakuwa kukata tamaa. "Look" ni kutazama, ongeza "after", inakuwa kutunza. Kaneno kadogo tu! Nilimtazama mdomo mpaka chai ikapoa.

Ijumaa nina usaili wa kazi ya mapokezi, nyumba ya wageni hukohuko Lagangabilili. Nikipata, naishi na mume wangu. Nikikosa, nabaki hapa Migato kwa wakwe. Ndoa ya wiki tano, mume wa Jumapili! Wifi Goodness naye ameomba. Hata daftari hana. Maskini.

Jumanne, 19 Novemba

Mihayo kasema kwenye simu maneno hayo hayakai kichwani mpaka uyatumie kuamuru. Akili hiyo! Lakini mke mpya amwamuru nani? Hapa nampigia magoti kila mtu, hata jirani aliyekuja kuazima ungo.

Nikawapata: maksai wawili wa baba mkwe. Go on! Wakaenda. Slow down! Wakapunguza mwendo. Turn round! Wakageuka na jembe lao. Machozi yalinitoka. Lugha gani hii, inamwingia hata mwenye pembe!

Alhamisi, 21 Novemba

Maksai wamegoma kulima. Baba mkwe akiwaita kwa Kisukuma, wananitazama mimi. Ameuliza mbele ya wote kama nao wanasubiri ajira ya serikali. Mama mkwe kacheka mpaka kashika nguzo. Goodness kasema, wifi, wavalishe tai kabisa. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Moyoni: wivu tu!

Ijumaa, 22 Novemba

Usaili. Meneja, Mama Specioza, rika la mama mkwe, akasema yeye ndiye mgeni, nimpokee. Alipoingia tu, magoti yakashuka yenyewe. Meza ya mapokezi ni ndefu kwenda juu. Nikapotea! Nikamsikia akiuliza mhudumu kaenda wapi.

Huko chini nikalikumbuka shamba. Nikavuta pumzi. COME IN! SIT DOWN! FILL IN THE FORM!

Mlangoni alikuwepo mgeni wa kweli, mnunuzi wa pamba. Alikimbia, begi akaliacha. Mama Specioza alikaa kweli, mkono kifuani. Goodness akaingia, akasema karibu mama, pole na kazi, akamletea maji.

Kazi kapewa yeye.

Jumapili, 24 Novemba

Nililia siku mbili. Leo Mihayo hakuweza kuja, kanipigia simu. Kasema Ijumaa sauti yangu ilifika hadi ofisini kwake, na aliitambua palepale. Aliitambua! Nani mwingine duniani ana mume kama huyu?

Kosa nimeliona. Maksai wawili ni wachache, mapokezini watu huja kundi. Kesho naanza na zizi zima, ng'ombe kumi na wanane.

Mwezi huu hauishi, Mihayo wangu, kabla sijaja kukuona. Nitapitia kwanza mapokezini, nimwoneshe wifi kazi inavyofanywa.