Ombi la Kuipa Zizi Namba Moja ili Mjukuu Wangu Aoe

Kwa Wasimamizi wa Programu Huria ya Zizi,
Popote mlipo, maana Gideoni anasema hamna ofisi.

Ndugu Wasimamizi,

YAH: NAMBA YENU INAYOZUIA HARUSI

Mbukwenyi nyote. Mimi mzima, mbuzi wazima, mvua imetuonea lakini mtama umesimama. Naitwa Evodia Ndahani wa hapa Kongwa, bibi yake Gideoni ambaye ni mmoja wenu. Shule sikwenda. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa Katekista Bartolomayo, na nimemkataza kuyalainisha.

Ninyi na Gideoni mmetengeneza programu ya simu ya kumtunzia mtu habari za mifugo yake: nani kazaa, nani kachanjwa, nani ana mimba. Mnaigawa bure, na kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kwa hilo Mungu awabariki. Lakini Gideoni amemchumbia Anjelina wa Kolo. Barua ya posa ilipokewa vizuri, na tangu siku hiyo mjukuu wangu ana neno moja tu: ndoa itafungwa toleo la moja likitoka. Hataki, eti, kuingia kwenye ndoa na kazi nusu. Mvua ya tatu hii, na toleo la moja halitoki. Ndiyo maana nalalamika kama ifuatavyo.

1. Sifuri. Zizi inatumika Kongwa, Chemba, Kondoa, mpaka kwa watu wasionijua. Ndiyo iliyonikumbusha chanjo mwaka ule mbuzi wa jirani walipokwisha kwa homa ya mapafu. Bado mnaiita sifuri nukta kadhaa. Mtoto ametembea, anachunga, anamjibu bibi yake vibaya, ninyi bado mnasema ni mimba! Nilimwuliza Gideoni sababu. Akasema moja ni ahadi. Ukishaiandika umewaahidi watu kwamba hutawageuzia mambo ghafla wakiwa wameshayazoea. Nikamwambia, baba, ahadi hiyo hiyo ndiyo tunayodaiwa Kolo.

2. Tisa. Mshenga wetu Stanley alipeleka habari ukweni kwamba tumefika sifuri nukta tisa. Wakwe wanahesabu kama watu: baada ya hapo ni moja kamili. Wakasaga unga. Shangazi akaja kutoka Babati na vitenge vilivyokwisha kushonwa. Alhamisi wakachinja beberu. Ijumaa mkatoa toleo jipya, mkaliita sifuri nukta kumi.

Stanley aliila ile nyama akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Baba yake Anjelina ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliandika ukutani kwa mkaa, akauthibitishia ukoo mzima kwamba sifuri nukta kumi ni ndogo kuliko sifuri nukta tisa, na kwa hiyo mkwe wake anarudi nyuma. Gideoni alimpigia simu kumweleza kwamba nukta ile si nukta ya hesabu. Mzee akauliza, basi ni nukta ya nini? Hawajaongea tena.

3. Mtarajiwa. Mwaka jana mkatoa kitu mkakiita "moja mtarajiwa". Nikapiga vigelegele, majirani wakaja. Akafuata mtarajiwa wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha mkarudi kwenye sifuri mkasema mmeona hitilafu kwenye kondoo. Kolo yuko mtarajiwa mmoja tu, ndugu zangu, na hana wa pili wala wa tatu nyuma yake. Akichoka amechoka.

4. Majira. Mnatoa matoleo siku mnayojisikia. Lililopita mlitoa Januari, watu tukiwa kwenye palizi. Mimi naenda kwa picha, si kwa maandishi. Nikaamka nikakuta picha ya mimba imehamia upande wa kulia. Beberu wangu ana mimba mpaka leo. Nawaomba mtoe mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, watu wakiwa wameshiba na wana nafasi ya kukasirika.

5. Mwenye kutoa namba. Naona kosa kubwa liko hapa. Mnaitoa wenyewe, na mwenye mtoto haoni kwamba amekua. Napendekeza programu ikipita mvua tatu bila kuua mbuzi iwe moja, bila kikao. Vile virekebisho vidogo vya kila wiki viitwe viraka, visipewe namba, kwani mimi gauni langu nikilishona kwapani silipi jina jipya. Na namba ya mbele itolewe na bibi. Kila programu iwe na bibi yake. Nchi zenye upungufu wa bibi ziazime hapa Kongwa, tupo.

6. Mkikataa. Gideoni kwa mdomo wake ameniambia sheria yenu: mtu yeyote anaweza kuichukua Zizi yote, akaiendeleza kivyake, akaipa jina na namba aitakayo, na hamna la kumfanya. Basi nitaichukua. Nimeshaongea na Zeeshan wa duka la simu. Ndani sitagusa chochote isipokuwa namba. Itaitwa Boma, na itaanzia moja. Gideoni si anataka toleo la moja? Nitamwekea mkononi, nitamshika mkono mwingine, na tutaongozana mpaka kanisani. Padri hataulizia nukta.

Msidhani nawachukia. Mkipita Kongwa mtakula. Karanga zenu nimezitenga. Na yule mwenzenu ambaye Gideoni anasema halali, anarekebisha hitilafu za watu asiowajua, mwambieni bibi amesema alale. Mbuzi watakuwepo asubuhi.

Wasalimieni mama zenu wote, na wake zenu pia, kwa wale kati yenu ambao namba zao zimewaruhusu kuoa. Bartolomayo naye anawasalimu, ingawa anasema mkono unamwuma.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,

(dole gumba)
Bibi Evodia Ndahani
Kongwa, Dodoma

N.B. Barua hii imechelewa kuondoka, na sikuwangoja. Jumamosi Zeeshan alinitengenezea Boma, toleo la moja. Nilimwomba tu aongeze na picha ya punda, maana punda wangu humo ndani hayumo. Kwa furaha nikamtumia Anjelina awe wa kwanza. Jumatatu akanipigia simu kwamba mbuzi wake wote wamekuwa punda, na mmoja ana mimba ya kondoo. "Bibi, si ulisema hii ni moja?" Mimi, kabla sijafikiri, nikamjibu, "Mwanangu, vumilia, hiyo bado ni sifuri nukta tisa, inarekebishwa." Akasema, "Haya bibi. Kumbe ni ukoo mzima."