Ufa Ubavuni mwa Injini

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Lori limechemsha mlimani. Nikamwaga ndoo nzima ya maji baridi kwenye rejeta, injini ingali ya moto. Ikalia ta! Sasa maji yanachuruzika ubavuni. Kila dereva anajua maana yake: bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Kwa injini kuukuu ya dizeli, hapo ndiyo basi tena. Na lori ni la mama mkwe. Akijua, usukani utakwenda kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyeumezea mate tangu harusi yetu. Nimeziba kwa gundi ya chuma, juu nikapaka rangi ya kijani. Hakionekani kitu.

Jumanne, 5 Machi
Mama mkwe kaja kukagua. Kauliza kwa nini injini imependeza upande mmoja tu. Nikasema rangi iliniishia. Kaninunulia kopo zima, kisha kavuta kiti kunisimamia. Nimepaka mpaka jioni. Mgongo unawaka moto. Maji bado yanadondoka.

Jumatano, 6 Machi
Akili mpya. Nimemwita shemeji, nikamwambia sisi ni ndugu, safari ya kesho aende yeye. Kaniuliza kama naumwa. Bloku na imfie mikononi, mimi nitasikitika pamoja na wenzangu. Mke wangu kasema hajawahi kuniona na roho nzuri hivi. Nikaona haya. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Machi
Lori limechemsha tena, shemeji kalipeleka moja kwa moja kwa fundi. Nikaitwa. Fundi kakwangua rangi yangu yote huku akilalamika. Kumbe bloku ni nzima, haina ufa! Ni kizibo tu, kile kisahani cha chuma kilichopachikwa ubavuni, kimeliwa na kutu. Kaweka kingine, kazi imekwisha. Nimemkumbatia na grisi zake zote. Mama mkwe naye kafurahi nilivyompa mwanawe nafasi. Atanunua lori la pili, shemeji awe na lake. Usukani wangu umepona. Leo nimekula nikashiba.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaniachia mimi, mzoefu, nichague lori hilo. Nimelipata leo leo. Kuukuu, lakini injini inang'aa, rangi mbichi kila upande, hata kidole kimenasa. Mama kauliza kama tumwite fundi kwanza. Nikamwambia wa nini, mtu anayepaka injini yake hivyo anaipenda.