Duara kwenye Zulia la Baba Mkubwa

Jumamosi, 8 Machi

Nimelichukua gari kutoka kwa waosha magari kule Alby, kusini mwa Stockholm. Mawese yaliyomwagika kwenye zulia yametoka. Yametoka kabisa. Mahali pake pamebaki duara jeupe, upana wa ungo, na ndani ya duara mistari ya brashi, mingine imelala huku, mingine kule, kama uwanja uliofagiwa na watu wawili waliogombana.

Gari si langu. Ni la Baba Mkubwa Anselmo, kaka yake baba, dereva wa basi mstaafu, ambaye kwa sasa yuko Bukoba kusalimia ndugu. Ndani ya gari lake watu huvua viatu. Wote. Hata padri alivua. Viatu vinaingia kwenye mfuko wa plastiki, safari inafanywa kwa soksi. Baba Mkubwa anarudi Jumamosi ijayo, na ameshatangaza kwamba haendeshi tena, macho yamechoka. Gari atanipa mimi, au atampa Goodluck, mpwa wa marehemu mke wake.

Tarehe mosi Aprili naanza kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji, nje kabisa ya mji, mahali ambapo basi hufika mara mbili kwa siku, tena kwa aibu. Bila gari hakuna kazi. Goodluck analitaka la kwendea mazoezini.

Chanzo cha yote: Jumapili iliyopita nilimbebea rafiki yangu Précieuse, Mkongo, sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao kinachoogelea kwenye mawese, kutoka kwake Rinkeby kwenda kwenye sherehe ya kanisa. Niliiweka chini, mbele, upande wa abiria. Nikafunga breki.

Oduor, Mkenya aliyelisafisha, ameeleza kwa upole kwamba sabuni haikusuuzwa vya kutosha na manyoya ya zulia yamelala ovyo. Nichukue maji ya uvuguvugu kidogo, nikandamize kwa taulo jeupe, kisha nipige brashi upande mmoja. Kidogo tu, dadangu, alisema. Nilimshukuru. Nina shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Kidogo si kipimo.

Nisisahau: ni Kwaresima. Wenzangu wameacha nyama. Mimi nimeacha uongo.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa kwanza. Baada ya misa, lita nane za maji moto. Hoja yangu: sabuni iliyobaki itayeyuka, na kinachoyeyuka huondoka. Sikujiuliza huondoka kwenda wapi. Kimekwenda chini, kwenye sponji iliyo chini ya zulia, na kimeamua kukaa.

Jirani yangu Lina, wa ghorofa ya chini, mlinzi wa ratiba ya chumba cha kufulia na wa dunia kwa jumla, alitoka na mbwa wake. Akaniambia kwa Kiswidi cha polepole kwamba magari hayaoshwi kwenye maegesho. Nikasema sioshi gari, naosha zulia. Si uongo. Akauliza zulia liko wapi.

Mbwa akapiga chafya.

Jumatatu, 10 Machi

Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi tisa chini ya sifuri. Zulia limeganda. Nilipolikanyaga kwa soksi lilitoa mlio wa mtu anayetafuna karanga.

Kosa ni la malezi. Kwetu ukishakimwagia kitu maji, kazi iliyobaki ni ya jua. Miaka mitatu hapa Rågsved na bado mwili wangu unaamini hivyo. Hapa Machi jua lipo, linang'aa vizuri sana. Ni pambo.

Niliwasha hita hadi mwisho nikazunguka saa mbili: Rågsved, Hagsätra, Högdalen, Rågsved. Vioo viliingia ukungu, nikawa naendesha ndani ya supu. Barafu imeyeyuka.

Maduara sasa ni mawili. La pili limelizunguka la kwanza kama mlezi.

Jumanne, 11 Machi

Goodluck. Alipita kuchukua chaja yake, akaomba nimfikishe stesheni. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akauliza kwa nini nyuma, kwani hii teksi? Nikamwambia mabalozi hukaa nyuma. Ukweli mtupu. Akakaa, akakunja nne, akafurahi kwa muda wa kama mita mia moja.

Kisha akaanza. Msomi, punguza hita. Msomi, mbona humu kunanuka uwanja wa mpira baada ya mvua? Msomi, umefuga nini? Tulipofika alijipenyeza kati ya viti kuvuta mfuko wa viatu ulioko mbele. Gari lilikuwa bado linatembea kidogo. Nikafunga breki. Akagonga bega kwenye kiti, akarudi nyuma.

Alishuka akinitazama kama karani wa mahakama.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili: siki. Mtandao unasema kijiko kimoja kwenye lita ya maji. Siki ninayoijua mimi ni ile ya kumwagia chipsi, ambayo hata mtoto anailamba. Nikaona kijiko ni utani, nikamwaga nusu chupa. Baadaye nikasoma kibandiko. Siki ya Waswidi ni asidi asilimia ishirini na nne. Wanaizimua kuhifadhia samaki kwenye chupa, na wanaitumia kutolea kutu.

Machozi yalinitoka kwa dakika arobaini. Mengine yalikuwa ya siki.

Précieuse alikuja kuniona. Akafungua mlango, akavua viatu, akanusa, akavaa viatu.

"Flaviana, ma chère, kachumbari iko wapi?"

Halafu akachuchumaa akalitazama zulia kwa muda mrefu. Alisema bon, duara imeenda kabisa. Sasa ile ingine yote ndiyo iko chafu.

Ni kweli. Upande wa abiria unang'aa kama meza ya altare. Sehemu iliyobaki, ambayo wiki iliyopita ilikuwa safi kuliko magari yote ya Watanzania Stockholm, inaonekana kama ya muuza mkaa. Précieuse akasema nimwambie tu mzee, sufuria ilikuwa yake, yeye pia atasema pole. Nikamjibu hajui uzito wa jambo hili. Akasema anaujua, aliipika mwenyewe, ilikuwa kilo sita.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka na jibu. Siwezi kuupeleka usafi kwenye zulia zima. Basi niurudishe uchafu mahali pake.

Chai. Ya rangi, bila sukari, maana sukari inanata. Nilijaribu kwanza kwenye kitambaa: dakika tatu, hafifu. Dakika tano, karibu. Dakika saba, ndiyo yenyewe. Nikaitia kwenye chupa ya kupulizia nikapuliza kwa subira ya mchoraji wa sanamu za kanisani. Mara moja chupa ilikwama, ikapiga juu. Matone machache. Sikuyajali.

Mwisho nikapiga brashi upande mmoja, kama alivyosema Oduor. Hilo nililifuata.

Hakuna duara. Hakuna mistari. Kuna zulia lenye uso wa mtu asiye na la kuficha. Nilikaa nikalitazama, nikahisi kitu ambacho sikukihisi hata siku ya mahafali.

Jumamosi, 15 Machi

Uwanja wa ndege, Arlanda. Baba Mkubwa amekonda, amepata kofia mpya, amebeba senene wa kukaanga kwenye kopo la maziwa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyofanya siku zote. Tukafika kwenye gari. Akavua viatu, akavitia mfukoni, akaiweka miguu yake chini.

Soksi nyeupe.

Kichwa changu kimekokotoa shinikizo la maji kwenye mabomba ya miji mizima. Hakikufikiria soksi nyeupe.

Tukafika mji wa Upplands Väsby. Kisha akainua mguu, akautazama unyayo, akaugeuza kwenye mwanga. Akauliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia vituo, gari limeanza kunywa chai lini.

Kwaresima. Nikasema yote. Sombe, breki, lita nane, barafu, siki, dakika saba. Nikamalizia kwamba ampe Goodluck tu, mimi kazi nitaomba nyingine.

Akaniambia Goodluck alimpigia tangu Jumanne: amekalishwa nyuma kama balozi, kwa hiyo mbele kuna maiti. Siku nne mzee alikuwa akijiuliza maiti ya nani.

Akasema aliendesha basi miaka thelathini na mmoja. Watu wanaingia na theluji, na chumvi, na kokoto, na kila jioni anaiacha sakafu iliyo ya kila mtu. Alitaka apate sakafu moja ambayo anayeikanyaga ni mtu wake. "Viatu si kwa ajili ya zulia, mwanangu. Viatu mtu anavua nyumbani."

Goodluck, akasema, alikaa na gari wiki moja kiangazi kilichopita, akalirudisha na mchanga wa ufukweni, akadai aliukuta. "Huyo hata kuharibu ni mvivu. Wewe umeharibu kwa bidii."

Funguo zinabaki kwangu. Sharti moja: nisiliguse tena zulia. Niape. Niliapa kwenye taa nyekundu za Gullmarsplan, kamasi zinanitoka. Akavua soksi akanipa nikamfulie.

Jumatatu, 17 Machi

Jua. Nimekaa garini mwangu, kwa soksi, wiki mbili kabla ya kuanza kazi kwangu. Zulia limekauka. Duara limerudi, la rangi ya chai. Sijaligusa. Kiapo ni kiapo, tena cha Kwaresima.

Nikalaza kiti nipumzike. Nikatazama juu.

Matone kumi na saba, kwenye dari nyeupe, juu kabisa ya kichwa cha abiria. Sikuona yalikotua kwa sababu nilikuwa natazama chini wiki nzima.

Nimefikiri sana. Dari si zulia. Baba Mkubwa alisema zulia, nami niliapa zulia, na kila neno lilisikika vizuri.

Nimempigia Oduor. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba, dadangu, kitambaa chenye unyevu tu, maji kidogo.

Sawa. Nimechukua ndoo ile ndogo, ya lita tano.